Kidole cha Kumi

Simu iliingia nikiwa nimekiinamisha kichwa cha mteja kwenye beseni, mikono yote povu, nikamwambia binti yangu aipokee. Akasikiliza, akaniangalia, akasema ni mtu wa Pangani, anaitwa Saumu, anasema baba yake amefariki alfajiri. Nikayaacha maji yakimwagika. Saumu na mimi hatukuwa tumegombana, maana kugombana kuna siku kunakwisha. Sisi tulikuwa tunasalimiana. Tukikutana harusini au sokoni hapa Tanga ni hujambo Zuhura, sijambo Saumu, watoto hawajambo, basi, kila mtu anashika njia yake, na imekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Sasa mtu wa salamu tupu anakupigia mwenyewe asubuhi ya msiba wa baba yake, hata ndugu zake wengine hawajapata habari. Mteja wangu, mama mmoja wa hapa hapa Raskazone asiyejua kusubiri, akauliza kama nywele zake zitakaa na sabuni mpaka Ijumaa. Nikamsuuza, nikamfunga taulo, nikafunga saluni. Njia nzima ya Pangani nilikuwa nikiviangalia vidole vyangu.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini, nikikaa Pangani kwa shangazi yangu, Bi Mwajabu, somo wa maharusi aliyefunda nusu ya wanawake wa mji ule. Tulikuwa na chumba kimoja kilichofanya kazi ya vyumba vinne. Kitanda cha kamba upande wa dirisha, sanduku la mninga lenye manukato na khanga za akiba, mkeka wa ukili katikati, na nyuma ya mlango rafu ya visosi vya hina na piko, ile rangi nyeusi ya kupaka vidole. Chumba kile kilinuka udi, ndimu na mafuta ya nazi, na mpaka leo mtu akikamua ndimu karibu yangu, chumba chote kinarudi. Kupaka nilianza mwaka ule ule, tena si kwa kupenda. Katika mwezi wa Ramadhani Shangazi alianguka uani akikuna nazi ya futari. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea. Mvua zilikuwa zimeikata barabara, basi halijafika mjini siku tatu. Aliyetuokoa ni Bwana Rajabu, mfanyabiashara wa nazi, mwenye Land Rover iliyokuwa imeshapakiwa mzigo wa kwenda Tanga. Hakuuliza swali. Aliwaambia vijana wake washushe magunia yote, akamlaza Shangazi mahali pa magunia, mimi nikakaa nimekishika kichwa chake, na yeye akaendesha mwenyewe huku akishuka kila penye tope kupima kina kwa mguu. Tulifika hospitali magharibi. Kabla hajaondoka alininunulia mkate na chai, akaniambia nifungue, mgonjwa hauguzwi na mwenye njaa.

Shangazi akapona, ila mkono ule haukurudi sawasawa. Alikuwa akikaa kitandani, ananielekeza kwa mdomo, na mimi nashika njiti ya chelewa. Alikuwa mkali sana. Ua likienda kombo ananifutisha lote, na jambo alilolikazania kupita yote ni kwamba mpakaji hachafuki: kabla ya kugusa kisosi jipake mafuta ya nazi vidoleni, ukimaliza jifute, mtu asijue kazi yako kwa kuangalia mikono yako. Kwa hiyo mimi, niliyewachora wenzangu mpaka viwiko, siku zote mikono yangu ilikuwa myeupe pe.

Basi katikati ya mwaka mbunge wetu akafa, ikatangazwa kwamba kutakuwa na uchaguzi mdogo. Vyama vingi vilikuwa bado vigeni kwetu, na jimbo zima macho yakalitoka. Chama kikamsimamisha Bwana Rajabu, yule yule wa Land Rover. Mageuzi, yaani wapinzani, wakamsimamisha Mzee Bakari, bwana afya mstaafu, ambaye ndiye baba yake Saumu. Na Saumu alikuwa shoga yangu wa chanda na pete. Tulikuwa tukila sahani moja na tukifua pamoja, na nikiazima khanga yake narudisha nikitaka. Mzee Bakari alikuwa mtu mwembamba, mnyoofu, aliyeukagua mji wote vyoo na visima kwa miaka thelathini bila kula rushwa ya hata yai moja, na watu walimpenda kwa kulalamika. Wanawake wa mtaani kwetu walikuwa Mageuzi karibu wote, na Shangazi ndiye wa kwanza. Nilimuuliza siku moja, mbona Bwana Rajabu ndiye aliyekupeleka hospitali? Alikuwa anakunywa uji wa pilipili manga, akaweka bakuli chini.

"Gari lilinibeba miye," akasema. "Halikuibeba kura yangu. Nikimpa kwa ajili ya gari, nimemlipa nauli, na yeye hakunidai nauli. Nitamtia aibu bure."

Nilicheka, lakini sikuridhika. Mimi ndiye niliyekuwa nimekishika kichwa kile.

Miezi ile miwili mji ulikuwa na mambo. Baraza la kahawa lililokuwa moja likazaa mawili, yanatazamana kama wake wenza. Hata bagia zilikuwa na chama: ukinunua kwa Bi Fulani watu wanajua unaelekea wapi. Chumbani kwetu nilisikia yote, kwa sababu mwanamke aliyepakwa hina hawezi kushika kitu wala kwenda popote, amenyoosha mikono anasubiri ikauke, kilichobaki ni mdomo. Walisema nani amehama chama, nani mumewe kamkataza, nani ana kadi mbili, moja ya mumewe na moja ya moyo wake. Mimi nilikuwa nimeinama nachora, nadhani walisahau kwamba nina masikio. Na kila aliyemtaja Bwana Rajabu kwa ubaya, nilikuwa naona tope na yule mtu akipima kina kwa mguu, nanyamaza.

Harusi ya Saumu ilikuwa imeshapangwa kabla marehemu mbunge hajaugua. Mchumba alikuwa kijana wa Mkwaja, posa ilishaliwa, wageni walishaalikwa. Ilipotangazwa siku ya kura, ikaonekana ndoa inaangukia Ijumaa na kura Jumapili ile ile. Watu walimshauri Mzee Bakari aisogeze harusi. Akasema hawezi kumwambia mwanawe asubiri siasa. Alhamisi wakaja kwetu, kwa mafungu, jamaa na majirani na mashoga, na ilikuwa siku ya furaha kuliko zote nilizopata kuishi katika chumba kile. Shangazi alikuwa amepika mbaazi za nazi, mahamri yakawa yanapita juu ya vichwa. Wengi hawakutaka maua, hawakuwa na subira. Walitaka ncha za vidole tu, nyeusi tii, mpaka kiungo cha kwanza, ndiyo fasheni ya mwaka ule. Niliwapaka wanawake ishirini na wawili, vidole kumi kumi. Saumu nilimweka mwisho nikamfanyia vyote, maua hadi viwiko na ncha zake nyeusi, nikamrudia mara mbili ili piko ikolee. Mzee Bakari alipita akipeleka vipeperushi mahali, akachungulia dirishani, akasema mashallah, vidole vimependeza. Yeye aliyezoea kukagua kila kitu! Hakukumbuka wino wa kura. Wala hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka, kwa sababu harusi ilikuwa kichwani na kura ilikuwa kichwani, ila kila moja ilikaa upande wake.

Jumapili niliwahi kituoni, kilichokuwa darasa la shule ya msingi. Msimamizi alikuwa Mwalimu Yohana, kijana wa Kisambaa kutoka milima ya Lushoto, Mlutheri, aliyehamia kwetu mwanzoni mwa muhula. Alikuwa mpole, mwoga wa kukosea, kalamu mbili mfukoni. Akaniomba mkono wa kushoto, akakiangalia kidole cha mwisho mbele na nyuma, kikiwa safi, akanipa karatasi. Nyuma ya pazia la khaki nilisimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nimekwenda kumpa Mzee Bakari, wallahi nasema kweli. Lakini nilipoiona picha ya Bwana Rajabu, mkono wangu ukaweka alama ya vema hapo. Sikununuliwa, sikutishwa. Nilikuwa na kura moja na deni moja, nikavikutanisha. Nikatumbukiza, nikachovywa wino kidole cha mwisho, nikarudi nyumbani nimetulia.

Sikuwa nimemaliza uji, akaja wa kwanza, jirani yetu, buibui linaburuza, anasema kakataliwa. Akaja wa pili, wa tatu. Mwalimu Yohana ameshika sheria yake: mwenye alama nyeusi kwenye kidole ameshapiga kura. Wakanyoosha vidole vyao mbele yangu, vidole nilivyovipaka kwa mkono wangu. Na hapa ndipo nilipoharibu zaidi. Nikawaambia wasugue. Nikaleta ndimu na majivu, piko ikakataa. Nikaleta mafuta ya taa. Uani kwetu wanawake wazima, wake za watu, wamechuchumaa kwenye mstari wanasugua kidole kimoja kila mtu mpaka ngozi inachubuka, na Shangazi kwenye kigoda anasoma Yasini. Piko ikapauka kidogo, ikawa ya kijivu. Wakarudi kituoni wakinuka mafuta ya taa, na wakala wa Chama akasimama akasema, haki yake kusema, kwamba hawa sasa wamekwenda kujifuta wino. Ni nani angemlaumu? Kidole kilichosuguliwa mpaka kuchubuka kinasema nini zaidi ya hicho?

Saa nane hivi Saumu akatoka. Alikuwa siku ya tatu ya fungate, na bibi harusi wa fungate hatoki hata uani. Lakini alikuwa amesikia, akamwambia mumewe kwamba yeye baba yake hakosi kura ya mwanawe, na yule kijana wa Mkwaja, Mungu amzidishie, akasema nenda. Shangazi alimfunika mabuibui mawili, akamfungulia mwavuli, wakatembea polepole, mkono mzima wa Shangazi ukimshika bibi harusi na mkono mbovu ukining'inia. Watu kwenye foleni wakawapisha. Mimi nilikuwa nyuma yao. Mwalimu Yohana akamwomba mkono wa kushoto. Saumu akatoa yote miwili, akaiweka juu ya meza, vidole kumi vyeusi, maua yakipanda mpaka kwenye viwiko.

"Mwalimu," akasema, "kama huu ni wino, basi nimeshapiga kura mara kumi."

Mwalimu Yohana aliiangalia ile mikono muda mrefu. Uso wake ulikuwa unatoka jasho, na mimi nilimwonea huruma, ndiyo, hata saa ile.

"Bibi harusi, sisemi umepiga," akajibu taratibu. "Nasema siwezi kuona kilicho chini yake."

Nikashindwa kuvumilia. Nikapenya mbele, nikasema kwa sauti kwamba ni piko, nimewapaka mimi, wote, Alhamisi, waulizeni. Nilidhani nawasaidia. Wakala wa Mageuzi, Hemedi, binamu yake Saumu, akageuka. Akakiangalia kidole changu cha mwisho chenye wino wa kura, na vidole vyangu tisa visivyo na doa.

"Na weye," akaniuliza, "nani alikutuma?"

Saumu aliirudisha mikono yake ndani ya buibui. Hakulia. Alinipita pale mlangoni bila kuniangalia, Shangazi nyuma yake na mwavuli.

Jumatatu matokeo yakatangazwa. Mzee Bakari amekosa kwa kura kumi na tatu. Mji mzima ulijua kuhesabu: kumi na tatu, na wanawake waliorudishwa ni ishirini na wawili na bibi harusi juu. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeshanunuliwa. Wengine walisema kwa pesa, wengine kwa cherehani, wengine kwa ile safari ya hospitali. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonichoma, kwa sababu ilikuwa imekaribia ukweli ikapita pembeni. Fungate ilipokwisha Saumu akaja, akakaa juu ya mkeka, hakula alichowekewa. Akaniuliza jambo moja tu: "Zuhura, baba ulimpa?" Nikamwambia nilimpa. Akatikisa kichwa, akaondoka kwenda Mkwaja kwa mumewe.

Angekuja kuniuliza kama nilitumwa, ningemwapia kwa Msahafu. Hakuniuliza hilo. Ndiyo mateso ya mwaka ule: kosa waliloniwekea sikulifanya, na nililolifanya, kama ni kosa, hawakulijua. Nitajitetea vipi kwa moja bila ya kulivua nguo la pili?

Wiki ile ile Mwalimu Yohana alibisha hodi. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akamwamkia Shangazi shikamoo, akala mahamri mawili kwa adabu, halafu akaomba aonyeshwe. Kwao milimani, alisema, mama yake na dada zake hawapaki kitu, wanashika jembe. Yeye hakuwahi kujua kwamba wanawake huvipaka vidole rangi ile ile ya wino. Akaweka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto juu ya goti. "Nipake," akasema. Nikamtazama Shangazi, Shangazi akaitikia. Nikampaka. Tukasubiri ikauke, akaosha, akakiangalia dirishani, akakigeuza. Akasema, "Nimekosa, mama." Shangazi akamjibu kwamba sote tumekosa, ila weye umekuja kusema. Alifundisha wiki mbili na kidole kile cheusi, ubaoni mbele ya watoto wote, hakukificha. Angekificha ingekuwa afadhali kwangu. Mji ukasema, mmeona? Msimamizi mwenyewe anatoka nyumbani kwao kapakwa.

Baada ya hapo hakuna aliyeniita kumpaka. Kisosi cha piko kilikauka mpaka kikapasuka. Shangazi alinitetea, akachoka, mwishoni mwa mwaka akanifungia khanga mbili na njiti zangu, akanipeleka kwa jamaa zake Tanga, na akanikataza kurudi kabla hajaniita. Aliniita mara moja, siku alipokuwa anakufa. Hata yeye sikumwambia nilimpa nani. Nadhani alijua, maana aliniambia nisimdharau Bwana Rajabu aliyetubeba, wala nisimbebeshe mzigo wangu.

Kwa hiyo msibani kwa Mzee Bakari niliingia kama mtu anayeingia kituoni. Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini, wengine ni wale wale, vidole vimekunjamana. Wakanisogezea nafasi. Waliokuwa wakali zaidi wamekufa, waliobaki wamezeeka, na Bwana Rajabu naye alikwishakufa zamani na Land Rover yake iliishia kuwa banda la kuku. Tulipokwisha kula, Saumu akaniita chumbani alikofia baba yake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, miwani juu ya kabati, na daftari lake la ukaguzi wa visima, la tangu enzi hizo. Nikaona nisipolisema pale sitalisema tena. Nikamwambia, Saumu, sikumpa baba. Nikamweleza mvua, magunia, tope, mkate na chai. Nililia, mtu mzima mwenye wajukuu.

"Najua," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Siku ile kituoni, watu wa baba walikuja na hasira. Weye ulikuja na huruma." Akachukua ile miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Hilo sikulikasirikia, shoga. Kura ni yako. Nilikasirika kwamba miye nilikuwa na vidole kumi vyeusi, weye kimoja, ukahesabiwa weye. Na hata hilo si lako. Nimechelewa kukuambia, nikaona haya, miaka ikaenda."

Ameniita shoga. Sikuwa nimelisikia neno lile mdomoni mwake tangu Alhamisi ile. Akaniambia kwamba binti yake wa mwisho, Mwanaidi, anaolewa mwezi wa uchaguzi, na babu yake, marehemu, alisisitiza tarehe isisogezwe, hakujifunza. Wapakaji wapo wengi, wana vitabu vya michoro na simu. Lakini anataka nimpake mimi.

Nilikwenda. Chumba ni kingine, nyumba ni nyingine, kuna feni na sofa, na watoto wa siku hizi wanataka maua ya Kihindi mpaka mabegani. Nilijipaka mafuta ya nazi vidoleni kama nilivyofundishwa, nikamchora Mwanaidi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nikaanza ncha za vidole. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, pale ambapo Shangazi angeketi, ananielekeza kwa mdomo. Nilipofika mkono wa kushoto akaishika njiti yangu.

"Hicho cha mwisho mwachie," akasema. "Ampe amtakaye."

Nikapaka vidole tisa. Cha kumi nikakifuta kwa mafuta ya nazi, mbele na nyuma, kisibaki na hata vumbi. Sikumuuliza atampa nani.